Nyuma ya Kitufe Chekundu

Kabla hakujapambazuka, kitu kilikwaruza mlango wa jikoni, taratibu, kama kuku anayeparua bati. Mama alikuwa ameshabandika sufuria ya maji ya kuoga. Akadhani ni paka wa jirani, akamfukuza kwa mdomo. Mkwaruzo ukaendelea. Kitinda, binti yake wa mwisho, ambaye jina hilo la utani lilimganda tangu utotoni, akaamka na kuvuta komeo.

Mlangoni alisimama mke wa kaka yake. Alikuwa peku. Taya lilikuwa limevimba upande mmoja mpaka jicho limefumba, na shingoni mlikuwa na alama za vidole, kila kidole na mahali pake. Gauni la kulalia lilikuwa limelowa damu kifuani. Hakulia. Aliingia, akakaa sakafuni kando ya meza, kana kwamba viti vimewekwa kwa ajili ya watu wengine.

Mama alichota maji ya moto akayatia kwenye beseni, akayapooza, akapiga magoti na kuanza kumwosha mkwewe miguu, huku akizitoa changarawe moja moja kwa ncha ya kitambaa. Mkwe akaona haya, akataka kuivuta miguu. Mama akaishika tu, akaendelea.

Ili uelewe kilichotokea, ni lazima ujue kazi ya Kitinda. Alikuwa mtunga programu, na nyumba moja ya kuwahifadhi wanawake waliopigwa ilikuwa imemwomba aitengenezee tovuti. Mwanamke anaifungua kwenye simu, anajibu swali moja kila ukurasa, na mwishoni anaandika mahali ambapo gari limfuate. Mwanzoni, aliyegusa kishale cha kurudi nyuma alipoteza kila alichoandika. Mlezi wa ile nyumba akaja kulalamika. Alisema mikono ya wanawake hawa inatetemeka, kidole kinateleza, halafu mtu anaambiwa aandike upya jambo ambalo kuliandika mara ya kwanza tu kulimtoa jasho.

Maneno yale yalimchoma Kitinda. Akafanya kazi hadi kila jibu likakaa. Mtu arudi nyuma, aende mbele, atoke na kuingia, kurasa zilimkumbuka. Mlezi alimkumbatia kwa furaha. Pia kulikuwa na kitufe chekundu cha kutorokea. Ukikibonyeza, unafunguka ukurasa wa hali ya hewa, kama mtu anayetaka tu kujua kama nguo zake zitakauka. Siku moja wakichambua mboga, Kitinda aliifungua tovuti ile kwenye simu ya wifi yake, akamwachia bila kumwambia ni ya nini.

Alfajiri hiyo, akiwa bado nyumbani kwake, wifi alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. Penye swali la wapi afuatwe, aliandika: mlango wa jikoni wa mama mkwe wangu. Akasikia mguu wa mume. Akabonyeza chekundu, na hali ya hewa ikatokea kama ilivyoahidiwa. Mume akaichukua simu, akaitazama.

"Tangu lini wewe unajali mvua?" akamwuliza.

Kisha akagusa kishale cha kurudi nyuma.

Vyote vilirudi. Hakuna jibu hata moja lililopotea. Alikaa kitandani akamsomea mkewe swali baada ya swali, kwa sauti tulivu ya mwalimu anayesahihisha, na kila jibu alilimalizia kwa ngumi. Alipofika kwenye swali kama mumeo amewahi kukukaba, alikuta mkewe amejibu hapana. Akasema hapo pana kosa, heri warekebishe. Akamkaba. Mwanamke alimng'ata kidole gumba hadi akaonja mfupa, akatoroka kupitia dirisha la bafuni.

"Amesoma mpaka mwisho," wifi akamwambia Kitinda. Taya lilimsumbua, maneno yakatoka yamepondeka. "Anajua niko hapa."

Kitinda alimpigia mlezi, akaambiwa gari linatoka sasa hivi. Mama akafunga mlango kwa komeo na kuusukumia meza. Kitinda akafungua kompyuta, akasema anaizima tovuti yote, izimike kabisa, isije ikamuua mtu.

Wifi akamshika kifundo cha mkono.

"Usiizime. Kuna mwingine yumo humo ndani sasa hivi, kama nilivyokuwa mimi."

Basi Kitinda akakaa. Aliona sasa jambo ambalo huruma yake ilikuwa imemficha. Kuna mwanamke anayerudi nyuma ili asahihishe, na kuna mwanamume anayerudi nyuma ili apekue, na kishale ni kilekile. Ukurasa hauoni kidole ni cha nani. Kinachoweza kuwatenganisha ni kile kitufe chekundu. Kabla hakijabonyezwa, kishale kirudi hatua moja moja na majibu yakae. Kikishabonyezwa, majibu yaondoke kwenye simu, yatunzwe kwenye mashine ya ile nyumba chini ya neno la siri la mwenyewe, na kila ukurasa uliotangulia, mtu akiurudia, usionyeshe kitu ila hali ya hewa.

Aliandika haraka. Akajaribu kwa simu yake: chekundu, kishale. Maswali yakarudi, na majibu yake yote. Akakumbuka kwamba simu hujiwekea nakala ya ukurasa uliopita ili iufungue upesi bila kuuomba upya. Akaongeza amri ya kuikataza simu isiweke nakala ya kurasa zile. Mama alikuwa amempeleka mkwewe chumbani, akamvika sweta lake na viatu vyake, akamweka nyuma ya kabati. Akarudi, akasimama kati ya mlango na meza, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichafu mkononi.

Pigo la kwanza lilipasua ubao wa mlango. La pili liling'oa komeo. Meza ikasukumwa hadi ukutani, na kaka mtu akaingia na nondo mkononi, kidole gumba kikimvuja damu hadi kiwikoni.

"Mama, nipishe. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hapa hakuna mke wako," mama akasema. "Hapa yupo mwanangu."

Alimsukuma kwa bega. Mama akaanguka, kichwa kikagonga mguu wa jiko. Huyu alikuwa ndiye kijana aliyekuwa akimbeba Kitinda mgongoni wakati wa matope, na sasa alimruka mama yake kama mtu anayeruka dimbwi. Akamwona dada yake na kompyuta.

"Kumbe ndiwe uliyemfungulia ofisi ya kunishtaki," akasema, akicheka. "Msomi wetu. Mtoto tuliyemlipia shule kwa jasho."

Kitinda alikuwa amebakiza kubonyeza mara moja tu ili kazi hiyo ipande kwenye tovuti. Akabonyeza, na nondo ikashuka. Kompyuta ikapasuka katikati, na mfupa wa mkono ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Alipiga yowe ambalo hakulitambua kuwa ni lake. Nondo ikainuka tena.

Hapo mlango wa chumbani ukafunguka, na wifi akatoka mwenyewe. Hakuna aliyemwita. Alisikia yowe, akaja.

"Mwache," akasema. "Mimi huyu hapa."

Kaka mtu akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye fremu ya mlango, mara ya kwanza, mara ya pili. Jino likaruka sakafuni. Akamburuta kuelekea nje, nondo ikikwangua sementi. Mama alikuwa ameshainuka, damu ikimshuka sikioni. Akaishika sufuria kwa mikono mitupu na kummwagia mwanawe maji yanayochemka mgongoni, mtoto yule yule aliyemwogesha alipokuwa hana hata jino.

Mwanamume alilia kama mtoto. Nondo ikaanguka. Jirani yao, fundi wa kuchomelea, akaingia na aproni yake ya ngozi, mkewe nyuma yake. Akamwangusha kifudifudi, akamkalia miguuni, akamfunga kwa waya wa umeme. Na akiwa amemkalia hivyo hivyo, akamwambia mkewe alete maji baridi, aumwagie mgongo huo unaobabuka. Mama ndiye aliyemwagia, kata baada ya kata, mpaka polisi walipokuja.

Gari la mlezi lilipofika, liliwachukua Kitinda na wifi yake kwenda hospitali, mama akabaki na mke wa fundi. Njiani Kitinda akaomba simu ya dereva. Hakujua kama kazi yake ilipanda kabla ya nondo kushuka. Kwa mkono mmoja akaifungua tovuti, akajibu swali moja, la pili, akabonyeza chekundu. Kisha akagusa kishale. Hali ya hewa. Akakigusa tena na tena. Mawingu kiasi, hakuna mvua. Wifi alikuwa akitazama kwa jicho lake moja. Akakilaza kichwa chake kilichopasuka begani mwa Kitinda, akalala.

Wiki zilipita kabla Kitinda hajapata ujasiri wa kwenda kwenye nyumba ya hifadhi. Alimkuta wifi uani akianika mashuka na wenzake, taya limefungwa kwa waya, akizungumza kupitia meno. Alisema siku hizi anakula kwa mrija, amekuwa mtoto wa chupa, na wenzake wakacheka naye. Akaongeza kwamba msichana mmoja pale aliingia kupitia tovuti ile juzi, na kabla hajaondoka kwake mumewe aligusa kishale. Alikuta jua na nyuzi joto, akairusha simu na kutoka.

Kitinda hakucheka. Alitazama plasta ya mkono wake.

"Mimi ndiye niliyeyatunza majibu yako mpaka akayasoma," akasema.

Wifi akatundika shuka lililobaki, akalinyoosha ncha.

"Ulitunza kwa kunihurumia. Yeye alipiga kwa mkono wake. Usimpunguzie lawama."

Wakakaa kwenye kivuli cha mashuka. Wifi akauliza habari za mama mkwe. Kitinda akasema kidonda cha kichwa kimepona, lakini haya imemshika, hathubutu kuja. Kila jioni husema ni yeye aliyemzaa yule. Jua lilipoelekea kuzama, mlezi akaja kufunga geti, na Kitinda akainuka. Wifi akamsindikiza hadi getini, akamshika mkono ule mzima, hakuuachia.

"Uje tena," akasema kupitia meno. "Na mama uje naye."