Salamu za Ukurasa wa Mbele

Siku ile ya Alhamisi Rahabu alikuwa amebadilisha sura ya blogu yake mara nyingi mno, hata Emilian, mwenye kafe ya intaneti karibu na stesheni ya Itigi, aliacha kumkumbusha muda, akavuta kiti na kukaa kumtazama kama mtu anayeangalia mpira.

"Jana ilikuwa ya kijani," alisema. "Asubuhi ya bluu. Sasa hii rangi gani, ya uji?"

"Nyeupe."

"Weka nyeusi, maandishi mekundu. Weka na nyota zinazodondoka. Halafu picha za harusi, kila picha mistari miwili, watu wacheke waende zao. Nani atakaa kusoma insha kwenye kompyuta, mwandishi?"

Rahabu aliendelea kubofya. Stashahada yake ya uandishi ilimfundisha habari, makala na tahariri. Haikumfundisha kitu hiki ambacho si gazeti, si barua, si redio. Blogu alizozipitia kila moja ilikuwa na yake. Moja ilipiga kelele, nyingine ilinong'ona, nyingine ilikuwa picha tupu na vicheko. Akifungua hii anataka ya kwake ifanane nayo. Akifungua ile, anaiona ya kwanza ya kishamba.

Na muda ulikuwa unamkimbia. Mzee Chrispin, mhariri wa gazeti moja la wiki huko Dar es Salaam, alikuwa anatafuta mwandishi wa kanda ya kati. Alikuwa amemwambia kwenye simu: "Vyeti ninavyo tele hapa mezani. Wewe fungua blogu, nione unaandikaje mtu asipokusimamia. Ijumaa saa sita mchana nitaitazama." Tangu watu binafsi waruhusiwe kuchapa magazeti, magazeti yalikuwa yameota kama uyoga, lakini hakuna hata moja lililokuwa na mtu wake Itigi. Rahabu aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Ikimpita, angekwenda Mandewa kwa shangazi yake kuuza vitenge, akiwauliza wateja "nikukatie ngapi" mpaka azeeke.

Makala zenyewe alikuwa nazo, na zote zilikuwa zimepita kwenye masikio ya mama yake, Febronia. Ndivyo alivyozoea: akimaliza kuandika, humsomea Febronia anapochuja asali uani. Zamani aliwahi kumsomea makala iliyoanza na jambo lenyewe, bila kuzunguka. Mama aliweka chujio chini.

"Unagombana na nani?"

"Sigombani na mtu, mama. Ndiyo mwanzo wa makala."

"Mtu hata hajakaa, hujamjulia hali, umeshamrushia maneno. Huko chuoni mliishije?"

Tangu hapo Rahabu akawa anasalimu. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, mbukwenyi Wagogo wenzangu popote mlipo. Huko kwenu mvua zimeanza? Huku kwetu mawingu yanapita tu kama wageni wasiotujua. Kila makala ilikuwa na salamu yake, yenye hali yake ya hewa na habari za mbuzi wake. Alizichonga salamu zile kwa uangalifu kuliko kitu kingine, na aliamini hapo ndipo Kiswahili chake kilipong'aa.

Mwishowe alichagua kiolezo kimoja chepesi, cheupe, kilichopanga makala zote kwenye ukurasa wa mbele: kichwa, mistari michache ya mwanzo, kisha maneno "soma zaidi". Emilian, aliyekiita templeti hata aliposahihishwa, alikisifu kwa jambo moja tu, kwamba kilifunguka upesi. Rahabu akapandisha makala zake moja baada ya nyingine. Alikuwa anangoja ukurasa wa mbele ufunguke auone ulivyokaa, umeme ukakatika. Akarudi nyumbani akiwa ametulia.

Ijumaa umeme haukuwepo. Saa sita ilipopita kidogo, simu yake iliita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umenisalimu sana leo."

"Abee?"

"Nimefungua blogu yako. Salamu. Nikashuka chini, salamu. Nikashuka tena, naulizwa kama mvua zimeanza. Zimeanza, mwanangu, barabara zote zimejaa maji. Kazi iko wapi?"

"Iko ndani, mzee. Ukibofya 'soma zaidi'."

"Nimebofya, mtandao ukanikatalia. Na msomaji wangu hata kubofya hatabofya. Nina kikao saa kumi na mwenye gazeti, ndiye anayeajiri. Nitaitazama tena kabla sijaingia."

Rahabu alikimbilia kafe. Emilian aliwasha jenereta, akafungua ukurasa, akaushusha mpaka chini. Kisha akaanza kucheka taratibu.

"Dada, huu ni msiba ambao kila mtu anatoa pole na hakuna anayejua nani amekufa."

Ilikuwa kweli. Mistari michache ya kila makala ilikuwa imejaa salamu, na hapohapo ikakatwa. Salamu alizozichonga mojamoja, zilipopangwa pamoja, zilionekana kama mtu mmoja aliyekwama mlangoni.

"Zifute," alisema Emilian. "Ni kazi ya dakika mbili."

Rahabu alianza na makala ya asali. Alipofuta salamu, ikabaki ikianza hivi: "Asali inayouzwa stesheni wiki hii imechemshwa na sukari, na waliochemsha si warina asali wa Itigi." Ilimshtua, kana kwamba mtu mwingine ameiandika. Akafuta salamu ya makala ya kina mama wanaouza chakula kwenye madirisha ya treni. Hiyo ikawa imepoa, kama chai iliyosahaulika. Akairudisha salamu. Akaifuta tena. Alikuwa ameshika kipanya na hajui anataka nini.

Aliinuka, akatoka mbio hadi nyumbani, akaingia uani.

"Mama, nikizitoa salamu kwenye makala zangu—"

Febronia alikuwa ameshasimama, mikono inachuruzika asali, uso umembadilika. "Nani?"

"Nani nini?"

"Nani amepatwa na nini? Sema."

"Hakuna mtu, mama. Nauliza tu habari ya salamu."

Febronia alikaa taratibu, akashusha pumzi. "Utaniua wewe. Mtu anaingia mbio, haamkii, nifikiri nini? Asiyeamkia amebeba jambo." Akaokota chujio. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Enhe, ulikuwa unasema?"

Lakini Rahabu alikuwa ameshageuka na lile neno la asiyeamkia, akamwacha mama yake akizungumza na ndoo.

Kwenye kafe aliacha makala ya asali bila salamu. Ile ya kisima kilichofukiwa nayo akaiacha hivyohivyo. Ya kina mama wa treni akairudishia salamu yake, fupi kidogo. Akaendelea hivyo, nyingine akaisimamisha mlangoni isalimu kwanza, nyingine akaiacha iingie kwa kishindo.

Emilian alikuna kichwa. "Sasa ndiyo haieleweki kabisa. Hii inabisha hodi, hii inavunja mlango. Blogu gani hii?"

"Sijui," Rahabu alisema, na hakuwa anatania.

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipoita tena. Mzee Chrispin alikuwa ametoka kikaoni.

"Hiyo ya asali imenisimamisha," alisema. "Nikaingia kwenye ya treni, nikajikuta naitikia salamu peke yangu ofisini. Sijaelewa mtindo wako ni upi."

"Hata mimi bado, mzee."

Karatasi zilisikika zikipekuliwa upande wa pili.

"Ya asali tunaichapa. Tunakuchukua kwa majaribio, miezi mitatu. Na huo mtindo utafute ukiwa kazini, usitafutie blogu rangi."

Alirudi nyumbani kwa haraka, kisha polepole, kisha akajikuta amesimama nje ya ua. Ndani alisikia chujio likigongwa kwenye ukingo wa ndoo. Akiingia na habari yenyewe, mama ataruka tena akidhani kuna maiti. Akianza na shikamoo, na za kushinda, na mbuzi wamerudi, habari itampasua kifua kabla ya kuifikia.

Alishika mlango wa ua, akauachia.

"Nani huyo hapo nje?" mama aliita. "Mbona hasemi kitu?"