Mkono wa Theuri

Theuri alikuwa seremala hodari pale Othaya, lakini kwenye bei alikuwa hoi kabisa. Ukimtajia shilingi kumi, kumi anatoa. Kwake yeye, kumwambia mtu "punguza" ilikuwa sawa na kumtukana mbele ya watoto wake. Akina mama wa viazi walimpenda hivyo hivyo alivyo, na nani angewalaumu?

Sasa siku ya mahari ya mchumba wake, Kagure, ilikuwa imewadia. Ulikuwa mwaka wa nne wa Uhuru, na babake Kagure kule Kiriaini alishasema lake: mbuzi kumi, Jumamosi. "Wakiwa tisa, usifungue lango yangu." Theuri alikuwa na shilingi mia tatu, akiba ya miaka miwili. Wa kumpatania bei alikuwa mjomba wake Nderitu, mtu anayeweza kuongea na muuzaji mpaka muuzaji aombe radhi. Alhamisi asubuhi Nderitu akaamka na homa, sauti imemkauka.

"Enda tu," alinong'ona kutoka kitandani. "Biashara haigombi."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa chini ya blanketi. Theuri alifika soko la mifugo la Nanyuki Ijumaa. Akachagua mbuzi kumi wazuri waliotoka Doldol, mali ya Mzee Barre, mfanyabiashara Msomali mwenye ndevu za hina. Kisha akasimama pale, ameze mate, ateme mate.

Mzee Barre hakutaja bei. Alinyoosha mkono, akaufunika kwa kitambaa cha begani.

"Leta mkono, kijana. Hapa bei hatupigii watu kelele. Kidole moja ni kumi, ukikunja ni tano. Hiyo ni ya mbuzi moja."

Theuri akaingiza mkono. Mzee akambana vidole vinne. Arobaini! Angekuwa Othaya angeitikia na kwenda kuuza randa yake. Lakini hapa hakuna aliyesikia, hakuna aliyeona, na mkono wake ukafanya jambo ambalo mdomo wake haujawahi kuthubutu. Ukashika vidole viwili vya mzee. Ishirini! Theuri nusura ageuke kutazama nani amefanya vile.

"Mvua imenyesha huko kwenu?" aliuliza Mzee Barre, uso mtulivu, huku akibana vitatu na nusu.

"Imenyesha vizuri, mzee," Theuri akajibu, akabana viwili tena. Moyo ulimwenda mbio, na jamani, ilikuwa raha!

Mzee akashuka hadi vitatu. Theuri akashika viwili, akaongeza cha tatu, akakikunja. Mzee Barre akacheka, akampiga kofi la kiganja mle mle ndani ya kitambaa.

"Chukua, kijana!"

Mbuzi kumi kwa mia mbili na hamsini! Theuri alitamani kumkumbatia kila mbuzi.

Zilibaki shilingi hamsini na safari ya Kiriaini. Kwa miguu asingefika kesho. Dereva wa lori, jina lake Mutahi, aliwatazama wale mbuzi, akasema, "Sitini, ndugu yangu."

Theuri akanyoosha mkono.

"Mkono ni ya nini?" Mutahi akashangaa. "Wewe sema!"

Watu wakageuka. Theuri akamfikiria Kagure amesimama langoni, akafumba macho, akafungua mdomo.

"Thelathini!"

Sauti ilitoka kubwa mno, mbuzi wawili wakaruka. Wachukuzi wakaangua kicheko, na Theuri akafumbua macho akaona kwamba hajafa.

"Ati thelathini? Hamsini, na hiyo ni ya mwisho," Mutahi akasema.

Hamsini alikuwa nazo mfukoni, kamili. Angeweza kuzitoa pale pale na safari iishe.

"Thelathini na tano," alisema Theuri, na kusema kweli, aliomba Mungu yule dereva akatae, ile raha isiishe upesi.