Helmeti ya Bridie

Kabla ya saa mbili asubuhi, Bridie Tranter alikuwa kwenye njia panda ya viwandani, magharibi ya Melbourne, juu ya baiskeli yake, mguu mmoja kwenye ukingo wa barabara, akingoja taa. Alikuwa amekwisha kufariki tangu Juni, papo hapo, chini ya lori la kokoto lililokata kushoto. Waendesha baiskeli wenzake walimsalimu wakapita. Ile baiskeli nyeupe waliyoifunga nguzoni kumkumbuka, aliitumia kuegemea.

Askari wa pikipiki akasimama.

"Dada, helmeti iko wapi?"

"Kwa mama. Ilipasuka."

"Basi nakuandikia faini. Sheria ni msumeno, haijui marehemu."

Mama yake, Noelene, alifika na chupa ya chai na tosti iliyopakwa Vegemite. "Na dereva wa lori, ulimwandikia?"

"Yule taa yake ilikuwa kijani, mama."

"Na mwanangu je?"

Askari akaitazama taa. "Naye kijani. Hapa zinawaka pamoja."

"Looo! Msumeno gani huo unaokata upande mmoja?"

Askari akamaliza kuandika, akaenda zake.

Noelene hakutaka makubwa. Alitaka mtoto wake avuke tu, afike ng'ambo, apumzike. Barabara ilikuwa tupu.

"Pita sasa hivi, Bridie. Hakuna gari. Nakuomba."

"Nyekundu, mama. Si wewe uliyenifunza? Nilipita siku moja tu, ukanifinya sikio mpaka nyumbani."

Noelene akalia pale pale, chai ikamwagikia viatu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na utii ule aliupanda mwenyewe.

Lori likaja, likasimama kando ya Bridie. Taa ikawa kijani kwa wote wawili. Bridie akakanyaga pedali, akaenda moja kwa moja. Lori likakata kushoto, likapita juu yake bila kugusa breki. Hakuonekana tena mpaka kesho yake.

Kesho hiyo Noelene alileta helmeti mpya, ya njano.

"Inua kidevu."

"Inabana, mama."

"Afadhali ibane."

Askari alipita, akapunguza mwendo. "Enhee! Hapo sawa kabisa."

Taa ikawa kijani. Lori likakata kushoto.

Noelene akaiokota helmeti katikati ya barabara. Haikuwa na hata mkwaruzo. Akaipangusa vumbi la kokoto kwa mkono wa sweta, akaiweka kikapuni kwa ajili ya kesho.