Mhadhara wa Kutokwa Damu

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya viti vibovu. Watu wa mradi wa kufundishia kwa simu walibandika vipande vya godoro ukutani kuzuia mwangwi, wakaweka kamera, taa mbili na feni ambayo haikuruhusiwa kuwashwa kwa sababu ya kelele. Mhadhiri wa ukunga alishinda humo muhula mzima, akijifuta jasho kati ya somo na somo, mpaka mihadhara yake karibu yote ikaingia kwenye mfumo.

Kila alichorekodi kilimtoka. Alipomaliza mhadhara wa kupima mimba, hakuweza kuusema tena. Alifungua kinywa, ikatoka hewa tu. Wenzake nao yaliwakuta hayohayo.

"Ndivyo mfumo ulivyo," mtaalamu wa mradi aliwaeleza. "Somo halikai mahali pawili."

Wakaona sawa. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko viti, na sasa waliweza kumsikiliza wakiwa wamejilaza, simu kifuani.

Ukabaki mhadhara wa kutokwa damu baada ya kujifungua. Hapo alisita.

"Huu niachieni niufundishe kwa mdomo," alimwomba mkuu wa kitivo.

"Mwalimu, usituangushe dakika za mwisho. Wafadhili wako njiani."

Akaurekodi.

Mradi ulipofungwa kulikuwa na keki, hotuba na picha ya pamoja. Mtaalamu alipanda ndege na nenosiri kichwani. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kuuendesha mfumo, wala aliyetenga fungu la kuulipia, kwa hiyo baada ya miezi michache ulizimwa, na mihadhara ikazimika nao.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakamfuata ofisini. Mbele alikuwa binti mmoja msemaji sana, ambaye wenzake walimwita Redio.

"Mwalimu, Jumatatu tunaingia wodini. Damu ikikataa kukata, tunafanyaje?"

Ikatoka hewa. Basi akawapeleka chumba cha mazoezi, akamlaza mdoli wa plastiki na kuwaonyesha. Mikono yake ilikuwa bado inajua: ilipapasa tumbo, ikaushika mji wa mimba, ikausugua mpaka ukawa mgumu. Wanafunzi waliikodolea macho. Ni dawa gani, kiasi gani, na daktari aitwe saa ngapi, hayo mikono haikuweza kuyasema.

Redio alirudi kabla mwezi haujaisha. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nilisugua, mwalimu. Nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Baada ya hapo sikujua kinachofuata."

Mzazi aliyekuwa akimhudumia alikuwa amezikwa asubuhi hiyo. Mtoto alikuwa mzima.

"Pole, mwanangu," mhadhiri alisema. Neno hilo halikuwa kwenye mtaala, hivyo alikuwa nalo bado.

"Mimi nipewe pole ya nini? Wapewe wafiwa." Redio aliinuka, akarudi wodini.

Mwaka uliofuata mkuu wa kitivo alimwita, uso umemchangamka.

"Tumepata mradi mwingine! Safari hii wanataka vitendo. Mikono yako, mwalimu, itaonekana bara zima."

"Na ukiisha, nani ataulipia?"

"Hilo litajadiliwa mbele ya safari."

Mhadhiri aliitazama mikono yake mapajani. Darasa jipya lilikuwa linaingia wodini baada ya wiki mbili, na lilikuwa kubwa mno. Zaidi ya walio mstari wa mbele hakuna ambaye angemwona mdoli. Hasira zilimpanda, zikashuka. Akakubali.

Walirekodi kuanzia kukata kitovu hadi kushona. Walipomaliza, mikono ilining'inia kama mikono ya koti lililotundikwa. Redio, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa wodini, alikuwa amekuja kumchukua. Alimfunga vifungo vya blauzi, akampangusa jasho usoni, akautundika mkoba wake begani.

"Twende nyumbani, mwalimu. Nitakulisha, halafu nikimbilie zamu."

Mlangoni mwa chumba cha kurekodia walipishana na mwalimu wa magonjwa ya watoto, kijana aliyeajiriwa mwezi huo. Aliwaamkia kwa heshima, akaingia ndani akikunja mikono ya shati.