Minyaa Nyuma ya Nyumba Yangu

Mama mmoja nisiyemfahamu alisimama katikati ya nyanya zangu, akipapasa hewa kwa mikono miwili.

"Minyaa iko wapi, mwanangu?"

Miezi miwili nyuma, Jumamosi ya usafi, umoja wetu wa wakazi wa nyumba za chuo hapa Butiama ulifyeka kichaka nyuma ya nyumba yangu. Tulikuta minyaa imejipanga duara, tukadhani ni zizi la zamani, tukaikata. Eneo wakanipa mimi nilime. Nilikuwa mgeni, msaidizi wa maabara wa mkataba, sina hata sufuria. Majirani walinichangia vyombo, kisha bustani. Nilipanga mchumo wa kwanza uingie kila nyumba, iwe asante yangu.

"Halikuwa zizi," alisema nilipomweleza. Aliitwa Bhoke, ametoka Guta kwa bodaboda. "Ni mama yangu. Alikatazaga asihamishwe. Macho yangu yameisha, nilikuwaga napapasa minyaa mpaka napata pengo la mlango, naingia kwake. Sasa nimekukanyagia nyanya, na sijui kama na yeye nimemkanyaga."

Nilifukua majani makavu. Visiki vilikuwepo, vimezunguka matuta yangu yote.

"Nisamehe, mama. Nitairudisha. Ukija Pasaka utaikuta."

"Yote? Nyie wasomi mnapendaga kusema."

"Yote."

Alicheka kidogo, akaniwekea mkono kichwani.

Mwenyekiti wetu, Faustine, dereva wa chuo, alipopata habari alikaa juu ya ndoo. "Tumefyeka kaburi la watu." Kisha akasema, "Lakini vuna kwanza, Rhobi. Zimebaki wiki tatu."

"Pasaka nayo ni wiki tatu. Minyaa lazima iwe imeshika."

Hakubisha. Alileta matawi marefu kutoka kwao Kitaji, tukayaacha siku nne utomvu ukauke.

Jumamosi majirani walikuja wote na majembe, bila kuitwa mara mbili. Niling'oa nyanya mwenyewe, shina kwa shina, na matunda yake mabichi. Petronila wa nyumba namba nane aliyaokota kwenye kanga.

"Yatapikiwa dagaa," alisema. "Kila nyumba itapata. Usinune."

Tulipanda palipo na visiki. Pasipo na kisiki tukaacha wazi. Wenzangu walipoenda kunawa, nilifumba macho, nikapapasa mti mmoja baada ya mwingine, taratibu, mpaka mkono ukakosa cha kushika.

Hapo ndipo ulipokuwa mlango.