Kiti Kirefu cha Kiburi na Posa ya Mwanaidi

Sikuwa na baba wa kunisomesha, wala viatu, wala taa ya kusomea. Herufi nilizipata ukubwani, katika darasa la ngumbaru, nikitoka kibaruani. Ndiyo maana mshenga wa akina Sechonge alipoleta barua ya posa ya binti yangu Mwanaidi, kisha akaniuliza mbele ya watu, "Nikusomee, Mzee Shekiondo?", niliwaka. Nikaandika barua ya kukataa, na Mwanaidi sikumwuliza. Alasiri nikajilaza moyo ukitokota, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambamo neno likishatamkwa huota mti wa miiba mlangoni kwa aliyelisema. Akanijia bwana mnene, Kiburi, amebeba kiti. "Karibu, msomi! Watu kama wewe hawakai chini." Nikakaa. Kila nilipojisifu kiti kilirefuka, hata walio chini wakawa kama sisimizi. Miongoni mwao nikamwona Mwanaidi, midomo ikicheza, sauti hainifikii.

"Anasema nini?"

"Huyo? Mtoto tu," akajibu Kiburi. "Wewe ndiye unayejua."

Mguuni pa kiti aliketi mama mmoja akifumua mkeka aliousuka mwenyewe. Huyo alikuwa Busara, na sauti yake ilinifikia bila yeye kuipaza. "Shuka, Shekiondo."

"Wataniona mjinga."

"Na huko juu wanakuonaje? Kunguru?" Akacheka. "Safu hii nimeifumua mara tatu, na mkeka haujanizomea. Neno la hasira lilaze kwanza. Likiamka lingali kweli, lipeleke. Wala usimjibie mtu jambo ambalo ataishi nalo yeye."

Kiburi akanishika kanzu. Nikaiacha mikononi mwake, nikaruka.

Niliamka nikiwa na jasho, na nikajua ni nani niliyekuwa karibu kumwumiza. Nikamwita binti yangu.

"Huyu kijana wa Sechonge unamtaka?"

"Leo ndiyo unaniuliza, baba?"

"Nimechelewa, lakini nauliza."

Akainama. "Namtaka. Na yule mshenga, baba, ndiyo tabia yake. Hata imamu aliulizwa naye, 'Nikusomee?'"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikaichana ile barua ya kukataa, nikaandika nyingine kwa mwandiko wangu bora: tumeridhia, njooni Ijumaa. Nikamsomea Mwanaidi neno kwa neno, akaitikia kila mstari. Kisha nikaipaka bahasha gundi, nikaibana kwa ngumi mpaka ikashika, na kabla ya magharibi ilikuwa njiani kwa akina Sechonge.