Chapa Kwenye Masanduku ya Mawe

Abdirizak aliingia Garissa na koti. Koti, saa sita mchana, mwezi wa pili! Mtu wa kwetu akivaa koti kwenye jua lile, ujue amekuja kukwambia jambo ambalo hawezi kukwambia akiwa na shati tu. Idman, binti wa kaka yake, alimwona akishuka kwenye gari la wizara mbele ya maabara ya chuo, na roho ikamwambia leo hakuna heri.

Alikuwa amefuata mawe. Usiyadharau mawe yale. Yalitolewa na mashine ya kuchimba chini kabisa ya ardhi ya Wajir, vipande virefu vya mviringo kama miwa, yakapangwa kwenye masanduku ya mbao kufuata kina chake. Humo ndimo mtu anamosoma kama chini yetu kuna mafuta na gesi, au kuna mchanga na maneno ya wanasiasa. Serikali ilikuwa imetoa fungu la utafiti, na la kuwafundisha kazi hiyo wanafunzi wa Garissa, kwa sharti moja: fungu linakaa mawe yanapokaa. Mawe yakiondoka, maabara inafungwa na darasa la kina Idman limekufa.

"Nairobi kuna mashine nzuri zaidi," Abdirizak alimwambia, wakiwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta. "Lori linakuja alasiri. Na wewe sijakusahau. Nimekuwekea nafasi kule."

"Na wenzangu?"

"Wenzako watapata kazi za uwandani."

Idman alizijua kazi za uwandani. Alizaliwa Eldas, na tangu utotoni aliona magari ya watafiti yakija na kwenda. Kila mara wenyeji walipewa kufyeka vichaka na kulinda mahema, halafu majibu yakapanda gari pamoja na wageni. Baba yake, Sugow, alilinda mahema hayo msimu mzima, na mpaka leo hajui walichokiona chini ya malisho yake.

"Sitaki nafasi ya peke yangu, adeer," alisema. Adeer ndilo jina la baba mdogo kwetu, na hata akiwa na hasira nawe, mtoto aliyelelewa hakuiti vinginevyo. "Kama chini hakuna kitu, nataka mtu wa kwetu ndiye asome na aseme hakuna. Kama kipo, vilevile."

"Wewe ni mtoto. Haya mambo yameamuliwa na wakubwa."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi walipoamua?"

Abdirizak alikunja uso akaenda kuswali adhuhuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wallahi hawakukosea.

Sasa sikiliza alichofanya huyu msichana. Alimwita Ilhan, mwenzake wa darasa, wakaenda jikoni kwa mama wa chai, wakaomba nondo na makaa. Nondo ilipoiva ikawa nyekundu, Idman alichoma kila sanduku chapa ya ngamia wa kwao, mstari na nusu duara juu yake. Moshi wa mbao ulijaa maabara. Ilhan alikohoa huku akicheka, akamuuliza kama ameingiwa na wazimu.

"Lori lililokodiwa ni la Mowlid wa Habaswein," Idman alimjibu. "Yule hubeba mifugo. Hapakii kitu chenye chapa bila neno la mwenyewe."

Na kweli. Alasiri Mowlid alirudisha lori lake nyuma mpaka mlangoni, akashuka, akaona chapa kwenye sanduku la kwanza. Akawaambia wapakiaji wake waache. Akainama kwenye la pili, la tatu, kisha akajifuta mikono kwenye kikoi kana kwamba ameshika kitu cha mtu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kwetu," Idman alisema. "Na hatujatoa ruhusa."

Wanafunzi walishangilia. Lakini furaha ya haraka ina miguu mifupi. Abdirizak alitokea nyuma yao, akaitazama ile chapa, akatabasamu tabasamu pana la kuudhi.

"Mowlid, hii chapa unaijua ya ukoo gani? Mimi na Sugow tumezaliwa tumbo moja. Chapa yake ni chapa yangu. Mali hii ni yangu, na mimi nimeruhusu. Pakia."

Idman aliitazama chapa aliyoichoma. Lo, ujinga gani huu! Alikuwa amefikiria dereva, amefikiria moto, amefikiria kila kitu isipokuwa kwamba chapa ya baba ni chapa ya ami pia. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemkabidhi Abdirizak mawe ambayo asubuhi hayakuwa yake. Wapakiaji walishika sanduku la kwanza, wakaliinua. Ilhan aliinamisha kichwa ili mwenzake asimwone machozi.

Lakini Idman hakulia. Alikwenda akakalia sanduku la pili.

"Umesema kweli, adeer," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mali ya ukoo. Umekiri mwenyewe mbele ya watu. Sasa niambie, lini ngamia wa chapa hii waliwahi kupanda lori kwa neno la ndugu mmoja, bila kikao?"

Mowlid aliwaashiria watu wake, nao wakaliweka sanduku chini taratibu.

"Huyu msichana amesema," Mowlid alisema. "Nilishawahi kubeba ngamia majike wawili kwa neno la ndugu mmoja. Ndugu wa pili akaja, wazee wakakaa, na lori langu likalala Habaswein mpaka walipopatana. Sirudii. Leta Sugow, leta wazee, kaeni, mkubaliane. Mimi nitabeba."

"Ni mawe ya serikali, bwana!" Abdirizak alifoka.

"Sasa hivi umesema ni yako."

Abdirizak alimshika Idman mkono akamvuta kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atalifuta jina lake, kwamba hatasoma mafuta Garissa wala Nairobi wala popote, kwamba anamharibia kazi.

"Nifute," Idman alisema. "Wamebaki wengine humo ndani. Utawafuta wote? Na ukimaliza, utakuja Eldas kula kwa nani?"

Simu ya Abdirizak ikalia. Alitazama jina la mkubwa wake, akaacha iite kidogo, kisha akapokea kwa Kiswahili chake kile cha ofisini. Kila mtu alimsikia.

"Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, hayajapakiwa." Akasikiliza. Aliwatazama wanafunzi, ambao sasa walikuwa wamekaa juu ya masanduku mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyempisha. "Hayatakuja, mheshimiwa. Ni afadhali tulete mashine huku. Wenyewe wamekataa."

Sauti ya upande wa pili ilipanda. Ilikuwa inauliza wenyewe ndio kina nani.

Abdirizak alifuta jasho lililokuwa likimchuruzika hadi kwenye kola. Idman alimkazia macho, hakumsaidia hata kidogo.

"Sisi," Abdirizak alisema. "Wenyewe ni sisi."

Alikata simu. Akavua lile koti akalitundika kwenye kioo cha lori, akaja kwenye lile sanduku la kwanza na kushika upande mmoja, ili lirudi maabarani. Idman hakumshukuru. Alishika upande wa pili, akamwambia ainue vizuri, maana yale ni mawe ya chini kabisa na darasa lilikuwa halijayafikia.